Shayiri ya Wilf Garfitt

Wilf Garfitt alilima shamba la kupanga hapa Lincolnshire, Uingereza, tangu ujana wake, na hakuwahi kupanda shayiri kabla ya Oktoba. Mwaka ule tu ndipo alipopanda mapema, Septemba. Mkewe, Hilary, alikuwa akingoja upasuaji wa moyo, na Wilf alitaka kazi iishe apate kukaa naye hospitalini.

"Haraka ya nini?" jirani yake, Clive Dannatt, alimuuliza. "Joto bado lipo. Wadudu wa vidukari watainywa shayiri yako kama bia."

"Nitawapiga dawa."

Hakupata nafasi. Kidonda cha upasuaji cha Hilary kilitunga usaha, Wilf akawa analala kwenye kiti kando ya kitanda chake. Akampigia Clive simu amsaidie kupiga dawa.

"Niachie mimi, bwana. Wewe muuguze mkeo."

Jalidi, baridi ya kugandisha ambayo huwaua vidukari, haikuanguka mpaka karibu na Krismasi. Wakahama mche hadi mche, na kila walipofyonza waliacha ugonjwa. Kufika Aprili shamba lilikuwa mabaka ya manjano, shayiri imedumaa, haifiki hata goti.

"Ulipiga dawa?" Wilf aliuliza.

Clive aliangalia buti zake. "Mvua, Wilf. Trekta lingezama."

"Si ungenipigia simu?"

"Ungefanya nini? Ungemwacha Hilary?"

Ni kweli mvua ilinyesha. Lakini mkataba wa shamba ulikuwa unaisha mwaka huohuo, na msimamizi wa mwenye ardhi alipokuja aliishia getini, akatazama, akaondoka. Shamba akapewa Clive. Wilf na Hilary wakahamia kijumba nyuma ya kanisa.

Kiangazi kilipokwisha, Clive akabisha hodi, kofia mkononi. Alitaka kujua mabomba ya kutolea maji yamepita wapi chini ya lile shamba.

"Usimwambie!" Hilary alisema toka jikoni, wala hakupunguza sauti. "Mwache achimbe, atafute mwenyewe."

Wilf alimweleza bomba moja moja. Shamba lenyewe halikuwa limemkosea. Clive alishukuru, kisha akabaki amesimama, akingoja kukaribishwa chai kama zamani.

"Haya, umeshajua," Wilf alisema, akafunga mlango.

Hilary alipotoka jikoni alimkuta bado ameshika kitasa.