Programu ya Lusajo

Naikumbuka asubuhi moja ya baridi pale Iringa, mwanangu, tukiwa darasani tumejikunyata ndani ya makoti. Wakati huo nilikuwa nasoma kozi fupi ya kompyuta, kabla miguu haijaanza kuniwasha tena, maana sikutulia mji mmoja hata wenzangu wakaniita Mzururaji.

Mwalimu wetu, ambaye sote tulimwita Madam, alikuwa akitafiti namna vijana wanavyojifunza kubuni programu. Mtihani wake ulikuwa wa ajabu: unaandika programu, kisha jirani yako anaiongezea kitu. Akishindwa, alama zinapungua kwako wewe uliyeandika.

Mimi niliangukia programu ya Lusajo, kijana wa Iyunga, Mbeya, kichwa kuliko sisi sote. Ilipanga foleni ya wagonjwa wa zahanati. Kanisa la kwao ndilo lililomlipia ada, na akifeli, ufadhili unakoma.

“Mzururaji, usiniangushe,” alininong’oneza.

Kazi yangu ilikuwa kuwatanguliza wenye watoto wachanga. Nikafungua. Lo! Kila kitu alikiita kwa herufi moja moja: a, k, z. Akili ni nywele, na zake zilikuwa zimesokotana. Nilibadili mstari mmoja tu, wagonjwa wote wakafutika.

“Madam, ilikuwa inafanya kazi!” Lusajo akapaza sauti. “Huyu ndiye kaiua!”

Darasa likacheka. Madam hakucheka. Alivuta kiti, akaketi karibu na Lusajo.

“Lusajo mwanangu, hapo zahanati utalala? Siku ukiondoka, mwenzako atamuuliza nani hiyo k ni nini?”

Lusajo akainamisha kichwa, machozi yakimlenga. Ndipo Madam akasema, kwa sauti ya chini, “Irudie. Wiki ijayo, jirani ni huyuhuyu.”

Wiki nzima Lusajo alinifuata hadi kantini. “Hiki wewe ungekiitaje?” Nami nikimjibu, anaandika. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku ya marudio nilifungua, nikasoma kama ninayesoma barua ya nyumbani, nikawatanguliza wenye watoto. Foleni ikasogea. Lusajo alinipiga mgongoni nusura niangushe kompyuta. “Ndaga fijo, mzururaji!” akanishukuru kwa Kinyakyusa. Alikuwa amefaulu.

Mimi tangu hapo nimehama miji mingi, na kila nilipoondoka kuna mtu alibaki na kazi niliyoianza. Kwa hiyo nakuusia, mwanangu: ukiandika programu, ukijenga nyumba, hata ukichimba mfereji, mfikirie atakayeshika baada yako. Mwachie njia iliyo wazi, na usione aibu kumuuliza angali karibu. Mungu akujalie mikono yenye huruma, na watakaokupokea wakutaje kwa shukrani.