Kijiti cha Mzeituni

Nikisikia harufu ya kibuyu cha maziwa kilichofukizwa, hutoka nje.

Wajerumani walikuwa wamempeleka baba kubeba mawe ya boma lao, na wakachukua ng'ombe wetu wote isipokuwa mmoja. Nikaokota kokoto mtoni, nikazipanga zizini ziwe ng'ombe. Wakakosa mchungaji. Ndipo nikapata kijiti cha mzeituni wa porini chenye umbo la mtu, bega moja limeshuka kama la baba. Nikakisugua kwa jiwe mpaka shingo ikatokea, nikakisimamisha kati ya mawe. Kila jioni nilikiinamishia kichwa, kama watoto wa kwetu wanavyowasalimia wakubwa.

Siku moja nikakuta kokoto peke yake. Mama alikuwa jikoni, anazungusha kijinga chenye moshi ndani ya kibuyu ili maziwa yanukie.

"Mama, kile kijiti cha zizini?"

"Si ndicho hiki? Mzeituni mkavu hivi, mwanangu, unauacha nje?" Akanimiminia. "Kunywa. Baba yako anaipenda sana harufu hii."

Nikanywa yote.

Kesho yake nilizunguka msituni mpaka jua likazama. Vijiti vilikuwa vingi, na vyote vimenyooka.