Hodi Ukutani

Fundi wetu wa kutundika picha hupiga hodi ukutani kabla ya kutoboa. Hugonga kwa kifundo cha kidole, hutega sikio, kisha hutoa hukumu: "Huu ni wa mawe. Haubembelezwi kwa msumari." Hutoboa polepole, halafu hupuliza vumbi la tunduni kwa mrija wa kalamu iliyokwisha wino, jicho moja kalifumba. Skrubu huzibana midomoni, ndiyo maana maneno yake ni ya kuhesabu.

Nilikuwapo juzi alipokuja kwa jirani yangu, mjane, kutundika picha ya marehemu mumewe. Mwana mkubwa alikwisha kuweka alama ya penseli juu kabisa, karibu na dari, mahali pa heshima. Fundi hakuitazama. "Mama, wewe huwa unaketi wapi?" Mama akaketi kwenye kiti chake chenye mto uliobonyea. Fundi akachuchumaa kando yake mpaka macho yao yakalingana, akatazama mbele, kisha akaenda kutoboa pale pale.

"Fundi, mbona chini hivyo?" mwana akamaka. "Wageni wataionaje?"

Fundi akatema skrubu ya mwisho kiganjani. "Wageni watainama."