Tofi Mbili Mdomoni

Watu wa kijiji cha Kilcorban wanasema Attracta Tuohy alizaliwa akiwa katikati ya sentensi, na tangu siku hiyo hajafika kwenye nukta. Wala hawamwonei. Kwa miaka ishirini na tisa ameendesha basi la shule, na watoto wa eneo lile, ambao sasa wana vipara na vitambi vyao, wanaweza kukusimulia ugonjwa wa nyongo wa marehemu mama yake na ukoo mzima wa ng'ombe wake, maana walisikilizishwa wapende wasipende. Mdomo ule hauna breki. Anaongea na kuku, anaongea na birika, na kanisani padri humsubiri amalize ndipo aanze misa.

Kwa hiyo ile Jumapili ya mwezi wa tano, alipoambiwa kwamba leo lazima anyamaze, hata kama ni kwa dakika moja tu, kaka yake Malachy alicheka mpaka akaegemea trela.

"Attracta? Anyamaze? Bora mumwambie farasi aimbe."

"Cheka tu, mzee mzima," Attracta akamjibu. "Meno yenyewe yamebaki matatu."

Lakini jambo lenyewe halikuwa la kuchekesha, na Attracta alilijua vizuri kuliko wote. Farasi wake, Murty, mwenye umri wa miaka mitano, alikuwa anashindana kwa mara ya kwanza mbele ya watu. Yalikuwa yale mashindano ya siku moja yenye sehemu tatu: asubuhi farasi anacheza kwa adabu mbele ya majaji, kisha anaruka miti ya rangi uwanjani, na mwisho anatimua mbio mashambani akiruka magogo, mitaro na madimbwi. Na Murty hana jicho la kulia.

Jicho hilo liliponzwa na mdomo wa Attracta, na hapo sitii chumvi hata punje. Murty alipokuwa na miaka miwili, Attracta alikuwa anamrudisha kutoka malisho ya bondeni, akamkuta tarishi kwenye lango, na tarishi alikuwa na habari za harusi. Harusi yenyewe ilikuwa na mambo. Attracta akasimama, kamba ikalegea mkononi, maneno yakanoga. Trekta likapita kwa kishindo, mtoto wa farasi akaruka pembeni akajitupa kichwa mbele kwenye ua wa miiba. Daktari wa mifugo alifika mchana uleule, akatazama, akavua kofia. Tarishi tangu siku ile hutupa barua kwenye sanduku na kuondoka mbio.

Attracta alilia wiki nzima, na alilia huku anaongea. Kisha akala yamini kwamba farasi yule hatashtushwa tena upande wa kulia maadamu yeye yu hai. Akimletea shayiri, akimpiga brashi, akimvusha barabara, kabla hajamgusa upande ule wa giza alianza kwa maneno yaleyale: "Ni mimi huyu, baba. Ni mimi huyu." Majirani walimshauri amgawe, abaki pambo la malisho ya mtu. Akawafukuza. Mwaka jana asubuhi moja, akiwa na ndoo mkononi, alimwona Murty akiwafuata mitamba waliopelekwa shamba la pili. Mbele yake palikuwa na ukuta wa mawe unaomfika mtu kifuani, naye aliupita kama mtu anayevuka kizingiti cha mlango wake. Attracta aliiacha ndoo ikaanguka. Kabla ya chakula cha mchana Kilcorban nzima ilikuwa na habari.

Ndipo akampigia simu Orlaith Keane, binti anayefundisha na kupanda farasi wa watu. Orlaith alimpokea Murty nusu kwa huruma, na nusu ili yule mama akate simu.

Sasa Orlaith alikuwa anakaza tandiko kando ya trela, mvua ya rasharasha inamlowesha kofia, na hakuwa na utani hata kidogo.

"Mama Attracta, nisikilize. Murty anaruka kila kitu, lakini nimegundua jambo. Kila anaporuka kwenye mazoezi, wewe unakuwa pembeni, 'ni mimi huyu baba, ni mimi huyu baba'. Leo ukifungua mdomo ukamwita, tumetolewa. Sheria hairuhusu farasi kusaidiwa na mtu wa nje."

"Najua, mwanangu, hata nilikuwa namwambia Malachy jana wakati tunaweka ile sanamu ya Mtoto Yesu uani ili mvua isinyeshe, na yeye mjinga akaigeuza ikatazama ukuta, sasa unaona tunavyolowa..."

"Mama Attracta."

"Haya, nimenyamaza."

"Pale dimbwini ndipo penye kazi. Akiingia majini peke yake, bila sauti yako, mwezi wa tisa nampeleka kwenye mashindano makubwa ya farasi wachanga. Akikataa, unarudi naye nyumbani leo, na ndiyo basi. Siwezi kumrusha farasi anayeona kwa mdomo wa mtu mwingine. Atajiua, na mimi ataniua."

Attracta akafungua mdomo, akaufunga. Hilo lenyewe lilimtisha Malachy kidogo.

Sehemu mbili za kwanza zilipita salama. Mbele ya majaji Murty alicheza kwa heshima zote, na kwenye miti ya rangi aliangusha mmoja tu. Kisha Attracta akatoa kichupa chake cha maji ya baraka kutoka Knock, mahali pa hija, akamnyunyizia farasi shingoni na Orlaith gotini. Akaenda upande wa kulia, akasema, "Ni mimi huyu, baba."

"Hiyo ndiyo ya mwisho," Orlaith akasema, akageuza farasi kuelekea mahali pa kuanzia.

Malachy alimwomba dada yake abaki garini na chupa ya chai. Attracta alimtazama kama aliyetukanwa. Basi wakateremka wote wawili kwenye matope mpaka kwenye dimbwi, buti za mpira zikifyonzwa kila hatua, na Malachy akatoa mfukoni tofi mbili, zile ngumu za kunata.

"Zitie zote mbili. Uzing'ate. Zikishakunata, hata ukitaka kusema utasikika kama ndama."

Attracta akazitia.

Mwamuzi wa dimbwi lile alikuwa bwana mmoja wa palepale Kilcorban, ameketi kwenye kiti cha kukunja, filimbi shingoni na karatasi ndani ya mfuko wa plastiki. Alikuwa mmoja wa wale wa basi la shule. Alipomwona Attracta, akasimama, karibu avue kofia.

"Mama Attracta, nakuomba kwa heshima. Nikisikia neno moja nitaandika. Usiniweke pabaya."

"Mmmh," akasema Attracta, tofi zikimkwama.

"Tafsiri yake: yeye ndiye aliyekuwa anakusubiri kila asubuhi ukitafuta kiatu," Malachy akasema.

"Ndiyo maana namwomba," mwamuzi akajibu, akarudi kuketi.

Dimbwi lile si la mchezo. Unaruka gogo nene, na ng'ambo ya gogo ardhi inashuka ghafla, hivyo farasi anaanguka majini pu! Hatua nne ndani ya maji, kisha kingo ya udongo ya kupandia kutoka. Kushoto bendera nyeupe, kulia bendera nyekundu, na upande huo wa kulia ndiko watu walikojazana na miavuli yao. Kabla ya Murty walipita farasi watatu wenye macho yote mawili. Mmoja alisimama mbele ya gogo akagoma kabisa. Mwingine aliingia, mpandaji wake akabaki majini amekaa.

Spika ikatangaza: Orlaith Keane na Murty wako njiani. Ameruka cha kwanza. Ameruka cha nne. Ameruka mtaro. Attracta alikuwa amemshika Malachy mkono juu ya kiwiko, na kucha zake zilikuwa zinaingia kwenye koti.

Wakamsikia kabla hawajamwona, kwato zikitwanga ardhi nyuma ya miti, kisha huyo akatokea.

Attracta hakuwahi kumwona hivi. Nyumbani Murty alikuwa mtoto wake, mla tufaha, mchafua ndoo za watu. Huyu aliyekuwa anakuja alikuwa mnyama mzima, kifua kipana, povu shingoni, sikio moja mbele na moja linacheza, na ardhi ilitetemeka mpaka ndani ya buti. Attracta akahisi anataka kupiga magoti kwenye matope yale. Alisema moyoni, Mungu wangu, hivi huyu ndiye niliyemnywesha maziwa kwa chupa?

Hatua kumi kabla ya gogo, upepo ukapita. Mwavuli wa mtu mmoja ukageuka nje-ndani, pa! upande wa kulia kabisa.

Murty aliusikia lakini hakuuona. Mwili wake wote ukajikunja upande wa kushoto, ukiikimbia sauti ile. Hakusimama, lakini hatua zake zilifupika, zikawa kama za mtu anayetafuta ufunguo gizani. Orlaith akambana kwa miguu. Sikio la kulia likageuka, likanyooka kuelekea kwenye umati, kuelekea pale hasa aliposimama Attracta, likangoja.

Alikuwa anamtafuta. Attracta alijua kama anavyojua jina lake. Ilikuwa neno moja tu, hatua chache tu, na farasi angetulia. Maneno yakampanda kooni yenyewe, ni mimi huyu baba, yakafika kwenye ulimi, yakagonga tofi. Machozi yakamtoka. Aliuma meno mpaka taya likalia, na mwamuzi alikuwa ameinua kalamu.

Sikio likangoja. Halafu, taratibu tu, bila haraka yoyote, likageuka likaenda mbele.

Murty akaruka.

Salaale! Aliruka kama anayekwenda kwake. Kwa upande mmoja aliona gogo, kwa upande wa pili hakuwa na gogo, hakuwa na maji, hakuwa na kitu chochote, na aliviruka vyote viwili, kinachoonekana na kisichoonekana. Akaanguka majini, maji yakapaa mpaka kwenye miavuli. Moja, mbili, tatu, nne. Kwenye kingo goti lake likagonga udongo, kichwa kikazama, Orlaith akatupwa shingoni, watu wakapiga yowe. Na farasi yule, sijui kutoka wapi, akachomoa mguu kama vile alikuwa na wa tano aliouficha kwa siku kama ile, akajikwamua, akasubiri kidogo Orlaith arudi mahali pake, akaondoka na mbio zake kupanda kilima.

Mwamuzi akaandika sifuri, yaani hakuna kosa. Kisha akajipangusa macho kwa kofia, akisingizia mvua.

"Umeona?" Malachy alikuwa anaruka kwenye matope, na ana miaka sabini na moja. "Umeona wewe? Sema basi! Tema hizo tofi useme!"

Attracta akatema tofi mkononi. Akazitia mfukoni.

Murty alimaliza wa saba kati ya thelathini na nane. Orlaith alishuka akiwa na tope mpaka kwenye meno, anacheka.

"Pale kwenye gogo alikuwa anakutafuta, Mama Attracta. Nilisema moyoni, yule mama akitoa pumzi tu tumekwisha. Halafu nikahisi ameamua. Mimi sikumwambia. Ameamua mwenyewe. Mwezi wa tisa tunakwenda, sikiliza, tunakwenda!"

Attracta akaitikia kwa kichwa. Akamwendea Murty, mvuke ukimtoka mwilini, akatokea upande wa kulia, na mkono wake ulikuwa umeshafika shingoni kabla hajatambua kwamba hajasema neno. Miaka mitatu hajafanya hivyo hata mara moja. Akaganda, akingoja farasi aruke. Murty hakuruka. Alishusha kichwa kikamwelemea begani, kizito, kimelowa, akapumua.

Walirudi nyumbani kimya, Malachy kwenye usukani, trela nyuma. Wakapita kanisa, wakapita daraja, wakapita nyumba ya ile harusi, na Attracta hakutia neno. Malachy, aliyeomba kimya hicho tangu utoto wake, akashindwa kuvumilia.

"Attracta, dada yangu, sema chochote. Nisimulie hata nyongo ya mama. Unaniogopesha."

Attracta akatazama vipangusio vya kioo vikienda na kurudi.

"Nilidhani namsaidia kuona," akasema hatimaye. "Kila siku, ni mimi huyu, ni mimi huyu. Nilikuwa namwomba msamaha, Malachy. Miaka mitatu."

"Na yeye je?"

"Alishanisamehe zamani. Alikuwa ananingoja mimi nimalize ili aruke."

Malachy akakohoa, akatazama barabara kwa bidii kubwa, akanyoosha mkono bila kugeuka.

"Zile tofi hukuzitupa, siyo?"

"Ziko mfukoni."

"Nipe moja," akasema.