Feni Iliyopimwa Nusu

Shangazi yangu ni fundi wa mitambo katika kiwanda cha magunia, mwaka wa ishirini na mbili sasa, na bado wakubwa wake wanamwita "mama wa taa". Wao wanaona ni utani. Mimi unanichefua.

Taa yenyewe ni ya kupimia mwendo. Feni ya kuvuta vumbi iko juu darini, haifikiki ikizunguka, kwa hiyo unaimulika kutoka chini kwa taa inayowaka na kuzima upesi. Ukipatia kasi, feni huonekana imesimama tuli, na namba ya kwenye taa ndiyo mizunguko yake kwa dakika. Tatizo ni kwamba taa ikiwaka na kuzima kwa nusu ya mwendo wa feni, nayo huonekana imesimama vilevile. Ndiyo maana shangazi alipaka panga moja la feni alama nyeupe, na akipima huanzia juu akishuka: taa ikiwa mara mbili ya mwendo wa feni, alama huonekana mbili, na kasi ya kwanza kuonyesha alama moja iliyotulia ndiyo ya kweli.

Mhandisi mpya, kijana wa suti, alianzia chini. Feni ikaonekana imesimama taa ilipofika mia nne na hamsini, naye akaishia hapo. Akaandika kwamba imechoka, iongezwe mwendo maradufu. Chini ya feni hiyo hukaa wanawake kumi na wanane wanaoshona magunia, mmoja wao mama yangu.

"Bosi, hiyo inazunguka mia tisa," shangazi alimwambia meneja. "Mkiiongeza itapasuka, iwaangukie hawa."

"Mama wa taa, mwenzako ana digrii. Ongezeni!"

"Basi naye akakae chini yake!"

Hakungoja jibu. Alikimbilia swichi kuu, akazima kiwanda kizima. "Wifi, toka hapo! Tokeni wote!"

Walipotoka, aliiwasha feni kwa mwendo wake wa kawaida, akamsukumia meneja taa mkononi.

"Weka mia tisa. Alama ngapi?"

"Moja."

"Weka elfu moja mia nane."

Meneja alikaza macho. "Mbili."

"Umeona sasa? Mia tisa ndiyo yenyewe."

Mhandisi alikuwa ghafla na shughuli nyingi kwenye simu yake.

Feni haikuongezwa mwendo. Ripoti mpya inasema mhandisi ndiye aliyegundua mia tisa, na hasira zinanipanda kila nikiikumbuka. Jioni ile mama alirudi nyumbani mzima. Wifi yake alirudi na barua: amesimamishwa kazi mwezi mzima, kosa lake kuzima mitambo bila ruhusa.