Kamba za Mzee Sepetu

Siku Lyle Brandvold aliponiambia ninamlegezea kamba zake, nilikuwa nimeshika kikombe cha kahawa, na bahati yake kahawa ilikuwa imeshapoa, maana ningemmwagia. Jirani yangu wa miaka ishirini na sita! Nyumba yake na yangu zimetenganishwa na ua wa mbao tu, hapa Iowa, katika mji ambao ukipiga chafya, mtaa wa pili wanaulizana umepatwa na nini.

Mumjue kwanza. Lyle alijenga maghala ya nafaka miaka thelathini na miwili, yale marefu ya bati, mpaka nyonga ikamgomea. Hakuoa. Si mtu wa maneno. Lakini kila Oktoba alikuwa anaunda sanamu ya jitu mbele ya nyumba yake, na ikifika Halloween, sikukuu ya vitisho ya mwisho wa mwezi, watoto walikuja hadi kutoka miji ya jirani, wamevaa mapembe na ndevu za bandia, wakapanga foleni mlangoni kwake wapewe peremende. "Lyle! Lyle!" Siku hiyo moja. Siku nyingine zote, aliyegonga mlango ule ni mimi na msoma mita.

Jitu lenyewe lilikuwa mchimba kaburi, urefu karibu mita tano, na watoto walimwita Mzee Sepetu. Mifupa yake mabomba ya plastiki, mwili wake waya wa banda la kuku, ngozi yake magunia yaliyochovywa kwenye uji mzito wa rangi na plasta ya ukutani. Mwaka uliotangulia ugomvi huu upepo ulimwangusha, akalalia ua wangu na mawaridi yangu yote. Nililalamika, ndiyo. Niliandika barua manispaa, na sioni haya. Bwana wa manispaa akamwambia Lyle, ruhusa ya mwaka huu unayo, lakini jitu lako likianguka tena hata mara moja, hujengi tena.

Basi mzee wa watu akaimarisha. Alipigilia nondo ardhini, akazivisha yale mabomba, akaweka mikingamo ya mbao kifuani na mifuko ya mchanga miguuni. Mwisho akafunga kamba nne nene za nailoni, nyeupe, mpya, kutoka mabegani hadi kwenye vigingi. Zamani alitumia waya, ila kuna mtoto aliukwaa gizani ukamchana shavu.

Kila jioni alizikaza kamba hadi zikalia ukizigusa. Kila asubuhi alizikuta zimelegea, zimening'inia kama za kuanikia nguo.

"Marlys," akaniita kutoka ng'ambo ya ua, "umeamka mapema leo?"

"Naamka mapema tangu nizaliwe. Kuna nini?"

"Kuna mtu ananilegezea kamba. Zote nne."

"Mtu gani huyo asiye na kazi?"

Akaitazama mikono yangu. "Mtu mwenye mawaridi."

Nilihisi masikio yanawaka. "Lyle Brandvold, wazimu umekuingia! Nina miaka sitini na tisa, nitoke kitandani nikacheze na kamba zako?"

Kesho yake nikamwona anamwaga unga wa ngano kwenye nyasi kuzunguka vigingi, ati apate nyayo zangu. Asubuhi kamba zimelegea, na kwenye unga kuna nyayo za paka tu. Mnadhani aliona aibu?

"Umetumia mti mrefu," akasema.

"Hee! Na ungo umeusahau? Sema nilipaa na ungo!"

Tangu hapo na mimi nikaanza kumchungulia. Nilikaa nyuma ya pazia tangu saa kumi na mbili asubuhi, nikajiambia huyu anazilegeza mwenyewe, jitu likianguka apate wa kumsingizia. Akichungulia yeye, nachungulia mimi. Salamu zikaisha. Nilimchukia, nasema kweli, na nilimkosa vilevile, kwa sababu kahawa ya saa nne tulikuwa tunakunywa pamoja.

Siku mbili kabla ya Halloween kulikuwa na chakula cha jioni kanisani. Nilipeleka sufuria yangu ya nyama ya kusaga na maharage yenye pilipili, na mikate ya mdalasini pembeni, kama tulavyo huku. Mtu akamuuliza Lyle jitu linaendeleaje. Akaweka kijiko chini.

"Muulizeni Marlys. Yeye ndiye anayelishughulikia."

Mtu mmoja akacheka. Sufuria yangu nilirudi nayo imejaa. Miaka yote ile hakikuwahi kubaki hata kijiko kimoja.

Siku ya Halloween, saa nane mchana, Lyle akaenda kununua peremende. Nikauzunguka ua. Nilikwenda kwenye kigingi cha magharibi, nikalifungua fundo, nikaiacha kamba imezungushwa tu, isionekane kuwa imefunguliwa. Nilisema kwa sauti, peke yangu, "Sasa hii ni mimi kweli."

Saa tisa mvua ikanyesha. Lyle alirudi, akasimama na mifuko yake ya peremende inalowa, na mimi nikamwona kupitia pazia akitazama kamba zikilegea mchana kweupe, na hakuna mtu karibu. Akagusa moja. Akaivuta. Akafunga macho, mvua ikimpiga usoni. Halafu upepo wa magharibi ukavuma, akakimbilia kigingi kile huku akichechemea, lakini alichelewa. Mzee Sepetu alianguka kifudifudi barabarani, kichwa kikapasuka. Hakuumia mtu. Watoto wawili waliokwisha kuvaa mapembe yao walisimama wakilia, na jirani wa mbele alikuwa ameshapiga simu manispaa.

Lyle aligonga mlango wangu, analia na yeye, kipande cha kamba mkononi.

"Marlys, ni nailoni. Ikilowa inarefuka. Kila usiku ni umande tu. Mimi maisha yangu yote ni waya, sikujua. Nimekutukana bure."

Nilipaswa kusema palepale. Nilisema, "Ingia, unalowa."

Akanywa kahawa. Jumapili alisimama kanisani mbele ya watu wote akaniomba radhi kwa jina, na wanawake wakanikumbatia, na mimi nikawaacha wanikumbatie. Ruhusa alinyang'anywa. Huu ni mwaka wa tatu, Halloween inapita, na watoto wanapita mbele ya nyumba yake bila kugeuza shingo.

Lakini kuna jambo linaloninyima raha. Kile kipande alichokuja nacho kilikuwa ncha ya kamba ya magharibi, nzima, haijakatika, haina fundo. Kamba ikilowa hurefuka, sawa. Haijifungui. Na yule ni mtu aliyefunga vitu visianguke miaka thelathini na miwili.

Anakuja kila siku saa nne. Anakaa kiti kilekile, anauliza habari za mawaridi, na mimi nammiminia kahawa huku nasubiri aniulize. Haulizi.