Kondoo Waliopiga Magoti

Jamani, umewahi kuona kondoo anasali?

Mimi nimeona zizi zima.

Asubuhi hiyo nilikwenda kumsaidia mjomba. Nikakuta kondoo wake wanakula majani wamepiga magoti ya mbele, kimya, utadhani wako ibadani. Mimi na mdomo wangu huu:

"Mjomba, hongera! Kondoo wako wameokoka! Ona wamepiga magoti!"

Kofi nililokula, mpaka leo sikio linapiga filimbi.

Halafu akawatazama vizuri. Macho yakambadilika.

"Magoti? Si seremala yule juzi alinipigia kelele nipige magoti? Kumbe! Kawavunja miguu!"

Seremala ni jirani, karakana yake imepakana na zizi. Yeye na mjomba ni paka na panya tangu kondoo watoboe ua na kumaliza mboga zake.

"Ngoja niwakague kwanza, mjomba."

"Ukague nini, daktari nusu?"

Ndilo jina langu hilo. Udaktari wa mifugo ulinishinda katikati.

Akabeba rungu, akaruka ua.

Nikainua mguu wa jike mmoja. Weee! Harufu yake, mzoga una nafuu. Katikati ya vidole nyama inateleza, ukwato umebanduka kama soli ya kiatu kilichochoka. Hakuna mfupa uliovunjika. Kwato zinaoza! Ni ugonjwa wa vijidudu, huambukizwa kwenye matope ya zizi.

Nikasikia yowe.

Nikamtupa jike begani, mbio.

Karakanani seremala yuko chini, mkono umepinda pasipo na kiungo, mfupa unachungulia. Maranda yamelowa damu. Mjomba naye kala nyundo ya mdomo, anatema meno. Na bado kanyanyua shoka la seremala.

"Sema! Umewafanya nini kondoo wangu?"

"Mjomba, nusa!"

Nikamsukumia ule mguu puani. Akatapika papo hapo. Shoka likadondoka, likakita sakafuni kando ya sikio la seremala.

"Wanaoza kwato! Nani alianza kuchechemea?"

"Lile... lile dume jipya."

"Na kisu cha kuchongea kwato unakiosha?"

"Nakifuta kwenye suruali, nashika mwingine."

"Basi dume limeuleta ugonjwa, wewe ukaugawa."

Seremala akaanza kucheka huku machozi yanamtoka.

"Mpumbavu wewe! Juzi nilikuita pale uani. Nikakwambia dume lako linachechemea, piga magoti uliangalie kwato! Wewe ukasikia 'piga magoti' tu, ukaanza kumtukana mama yangu!"

Jike akalia begani mwangu: meee.

Kondoo wengi walipona. Mkono wa seremala haukunyooka tena.

Sasa kila asubuhi mjomba anapiga magoti zizini, anaosha kwato moja moja kwenye beseni la mrututu, ile dawa ya buluu ya kuua vijidudu, na kisu chake anakichovya humohumo. Akimaliza anavuka ua kwenda kusukuma randa, maana mwenye randa hawezi tena kuishika.

"Sukuma, kibogoyo!" seremala anafoka, mkono mkavu kifuani. "Ubao hauna meno, wewe pia huna, mnaogopana nini?"

Mjomba anasukuma.

Ndugu yangu, ukiambiwa piga magoti, usikimbilie rungu. Uliza kwanza: ya kuomba, au ya kuangalia?